Baba anataka kunishonea suti ya harusi, na mimi nimeshaagiza kwingine

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Kimara na nafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari. Ni mtoto wa mwisho, na wa kiume pekee, wa fundi cherehani ambaye kwa zaidi ya miaka 30 ameshonea kwenye kibaraza cha nyumba yetu ya Buguruni. Nakuandikia kwa sababu nimemkosea baba yangu, ninakaribia kumkosea zaidi, na sioni namna ya kujinasua bila kumuumiza.

Ili unielewe, inanibidi nieleze tulivyoishi. Baba ni mzaliwa wa Mlalo, kule Lushoto, ambako Ulutheri uliingia tangu 1891, na alikuja Dar es Salaam mwaka 1981 akiwa kijana asiye na kitu, akajifunza kukata suti kwa fundi mmoja wa Kihindi maeneo ya Kisutu. Si msemaji. Karibu yote aliyotaka niyajue kuhusu Mungu alinifundisha akiwa kwenye cherehani. Usharika wetu ulimpa kazi ya kushona vitambaa vya madhabahu na majoho ya kwaya, hivyo niliijua kalenda ya kanisa kwa rangi kabla sijajua kusoma: zambarau ya Majilio na Kwaresma, nyeupe ya Krismasi na Pasaka, nyekundu ya Pentekoste, na ile kijani inayochukua sehemu kubwa ya mwaka, ambayo baba aliiita rangi ya siku za kazi. Nikimuuliza kwa nini Kwaresma ni zambarau, alisimamisha cherehani, akanieleza habari za toba kwa maneno machache, kisha akaendelea kukanyaga. Mara moja, nilipokuwa na miaka tisa, alinipeleka Azania Front, kanisa ambalo Wajerumani walianza kulijenga 1898, si kwa ibada bali katikati ya wiki, ili nione jinsi kitambaa cha madhabahu kinavyopaswa kuanguka kwenye kona.

Jumamosi jioni ilikuwa yetu sisi wawili. Mimi nilipiga viatu kiwi, jozi yake na yangu, na yeye alinyoosha kwa pasi ya mkaa suti mbili, yake na ya kwangu ndogo, zilizokatwa katika kitambaa kimoja. Alipomaliza alisoma kwa sauti somo la Jumapili huku pasi ikipoa, tukasali, tukalala. Ndani ya kila koti alilonishonea, chini ya mfuko wa ndani wa kushoto, aliweka msalaba mdogo wa uzi mwekundu kwa mkono, ambao mtu mwingine hawezi kuuona. Mahubiri yaliporefuka niliutafuta kwa kidole.

Nilipoanza kujitegemea miaka minne iliyopita, mambo yalibadilika bila mtu kuyaamua. Mchumba wangu na mimi tunasali katika ibada ya vijana ya jioni, ambako wengi wetu huvaa jinzi na raba, na sioni kwamba imani yangu imepungua, pengine imeongezeka. Siku baba aliponiona nimevaa hivyo aliniuliza swali moja tu: "Meneja wako akikuita ofisini kwake, unakwenda hivyo?" Sikumjibu, naye hakurudia tena.

Krismasi iliyopita alinishonea suruali. Nilipoivaa nyumbani kwangu niliona mguu mmoja umepita mwingine kwa karibu inchi nzima, na mshono wa pembeni umekwenda upogo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuona kazi ya baba ikiwa na kasoro. Nilimpigia simu nikamwambia imenikaa vizuri sana, kisha nikaipeleka kwa fundi mmoja kijana wa Ilala akaifumua na kuirekebisha. Wiki mbili baadaye nilikwenda Buguruni nimeivaa. Baba aliinama kama mtu anayeondoa uzi uliong'ang'ania, akaligeuza pindo kwa kidole gumba, akaona limepigwa kwa mashine, na yeye mapindo yangu hupiga kwa mkono siku zote. Akalirudisha taratibu, akalipapasa, akaniuliza kama nimekula.

Sasa nafunga ndoa Jumamosi ya pili baada ya Pasaka, na wiki saba ndizo zimebaki. Mwezi uliopita baba alinifungulia sanduku lake akatoa kitambaa cha sufu, mita tatu na nusu, rangi ya buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, alichokinunua mwaka niliopata kipaimara na kukihifadhi muda wote huo kwa majani ya mwarobaini. Akasema, "Hiki ni cha siku yako. Nitakikata mimi." Kitambaa cha namna ile sijakiona tena Kariakoo, kikiharibika hakuna kingine. Mikono yake inatetemeka anapotunga uzi kwenye sindano. Kabla ya Kwaresma usharika ulimletea kitambaa kipya cha mimbari, akakipinda kwa uzi wa buluu badala ya zambarau, na alipoonyeshwa alisema taa ya kibarazani imepungua nguvu. Amenunua balbu mpya mbili, na sasa analalamika kwamba zinamchoma macho.

Nilikuwa nimekwisha kulipa shilingi 200,000 kati ya 380,000 kwa yule fundi wa Ilala anishonee suti ya harusi, na baba hajui. Mchumba wangu ananiambia niseme ukweli mapema. Dada yangu anasema nimwache mzee ashone na mimi nivae hivyohivyo. Msimamizi wangu wa ndoa anashauri nimwache ashone, kisha siku ya harusi niseme dobi ameliunguza koti kwa pasi, nivae la Ilala. Nakiri kwamba ushauri huu wa tatu ndio niliokuwa nikielekea kuufuata. Nifanye nini?

Mtoto wa Fundi, Dar es Salaam

—

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale baba yako alipoligeuza pindo kwa kidole gumba. Nitaanzia hapo, maana nadhani wewe umepita pale haraka kwa sababu panakuuma.

Unaandika kana kwamba una siri mbili ambazo mzee hazijui, ya suruali na ya suti. Ya suruali anaijua. Fundi aliyeshika sindano zaidi ya miaka 30 hahitaji kuambiwa kwamba mkono mwingine umepita juu ya kazi yake. Matundu ya sindano ya kwanza hubaki kwenye kitambaa hata baada ya uzi kufumuliwa. Alijua kwamba alikosea, alijua kwamba ulimwambia uongo kwenye simu, na alijua kwamba mtu mwingine amelisahihisha kosa lake. Akakuuliza kama umekula. Sasa tazama mpangilio wa mambo ulivyouandika mwenyewe: ni baada ya hayo, wala si kabla, ndipo alipokufungulia sanduku. Mtu asiyejua kwamba mkono wake umepungua angekitoa kitambaa kile kwa majivuno. Yeye amekitoa akijua, na kwa hiyo mimi siyasikii maneno yake "Nitakikata mimi" kama amri ya mzee mkaidi. Nayasikia kama swali la mtu ambaye hana desturi ya kuuliza: je, mimi bado ni fundi wako?

Kwa sababu hiyo, ushauri wa msimamizi wako utupe leo. Sisemi hivyo kwa kuwa uongo ni dhambi tu, ingawa ni dhambi na wewe unakwenda kuweka nadhiri mbele ya madhabahu siku hiyohiyo. Nasema hivyo kwa kuwa uongo wenyewe ni wa pasi. Unataka kumwambia mtu aliyekufundisha kunyoosha koti, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwamba koti lake limeungua, na ataomba kuliona. Hata kama hataliona, atakaa kwenye kiti cha mbele akiitazama mishono ya mtu mwingine mabegani mwako muda wote wa ibada, na mwaka wote unaofuata ataifikiria. Ulimwacha na uongo mdogo wa suruali, ameubeba bila kukulaumu, usimwongezee mwingine.

Kuna jambo jingine katika barua yako ambalo uliliandika kwa kupita, nami nataka tulikalishe chini. Uzi wa buluu kwenye kitambaa cha zambarau, taa inayoonekana imepungua nguvu, kisha balbu mpya zinazochoma macho. Mimi si daktari, na simpimi mtu kwa barua, lakini nimemuuguza mama yangu mwenye mtoto wa jicho na mambo hayo matatu nayafahamu. Mtoto wa jicho ni kule kuingia ukungu kwa lenzi iliyo ndani ya jicho, na kwa wazee wengi lenzi hiyo hugeuka manjano kidogokidogo, ndiyo maana buluu, zambarau na nyeusi huanza kufanana, mwanga huonekana hafifu, na taa kali humulika vibaya badala ya kusaidia. Mwenyewe hana habari, kwa sababu mabadiliko huja polepole mno. Mtu aliyekufundisha mwaka mzima wa kanisa kwa rangi zake, huyo kuchanganya buluu na zambarau ya Kwaresma, si uzembe na wala si uzee wa kuachiwa hivihivi. Mpeleke akapimwe macho, Muhimbili au CCBRT pale Msasani, ambako shughuli hizi za macho zimezoeleka. Ikithibitika kuwa ni mtoto wa jicho, upasuaji wake ni wa kuitoa ile lenzi yenye ukungu na kuweka ya bandia, na kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Inaweza pia kuwa ni presha ya jicho, ambayo uoni uliokwisha kupotea kwayo haurudi, na hiyo ni sababu ya kwenda wiki hii badala ya kusubiri harusi ipite.

Kuhusu mikono, mweleze daktari kinachotokea kwa usahihi. Mkono unaotetemeka wakati wa kutunga uzi ni habari moja, na mkono unaotetemeka ukiwa umetulia mapajani ni habari nyingine, na daktari atataka kujua ni upi. Bebeni dawa zote anazotumia mzee, maana zipo dawa zinazotetemesha mikono. Usimwahidi kwamba ataona vizuri kabla ya harusi. Hata upasuaji ukifanyika mapema, jicho huhitaji wiki kadhaa kutulia kabla ya kupimiwa miwani mipya, na wiki saba si nyingi.

Sasa nije kwenye jinzi na raba, kwa kuwa naamini suti hii imebeba mzigo wa jambo lile ambalo hamkulizungumza.

Wewe umezaliwa wakati mitumba imejaa kila kona, kijana akiweza kujivika kwa shilingi elfu chache pale Karume na kupendeza. Baba yako alianza ufundi katika miaka ambayo kitambaa kilikuwa cha foleni. Sisi tuliokuwa vijana mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunakumbuka maduka yenye rafu tupu, na tunakumbuka kola za mashati zilizochakaa zikifumuliwa, zikigeuzwa ndani nje, na kushonwa upya ili shati liishi mwaka mwingine. Marehemu baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na shati moja jeupe la kanisani, na kola yake iligeuzwa mara moja, ilipochakaa upande wa pili akavaa skafu. Biashara ilianza kulegezwa 1984, na ikafunguka zaidi baada ya Rais Mwinyi kuingia madarakani 1985, lakini waliopita katika uhaba ule hawakuacha kuamini kwamba mtu akipata kitambaa kimoja kizuri, mahali pa kukivaa kwanza ni nyumbani mwa Bwana. Kwao lile halikuwa jambo la fahari. Lilikuwa shukrani inayoweza kuonekana kwa macho, na kwa mtu asiye na maneno mengi kama mzee wako, ilikuwa ndiyo sala yake.

Hayo nayasema ili uelewe swali lake kuhusu meneja, si kwamba nakubaliana nalo moja kwa moja. Waraka wa Yakobo, sura ya pili, unakemea kanisa linalompisha mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri na kumkalisha maskini sakafuni, na wako wengi katika jiji hili waliokosa ibada miaka mingi kwa kuona haya ya nguo. Ibada ambayo kijana anaingia na raba zake bila kutazamwa kutoka juu hadi chini ni jambo jema, na kama imani yako imekua humo, mshukuru Mungu. Kosa lako halikuwa mavazi. Kosa lilikuwa kutomjibu. Aliuliza swali halali, kwa namna ya kizee, na mtoto aliyefundishwa toba kando ya cherehani akanyamaza. Ungemweleza unachokisikia katika ibada hiyo, mchungaji anafundisha nini, wewe mwenyewe unasali vipi asubuhi kabla ya kupanda mwendokasi, angekuwa na kitu cha kushika. Ukimya wako umemwachia jinzi tu.

Na nikuulize jambo, ulijibu moyoni mwako: mara ya mwisho kulala Buguruni siku ya Jumamosi ilikuwa lini? Umeeleza kwa upendo mwingi ile pasi, vile viatu na lile somo, lakini umeeleza kama mambo ya zamani. Mimi sidhani kwamba baba yako anaililia suti. Anakililia kile kilichokuwa kikitendeka wakati suti inanyooshwa, na kwa kuwa hajui namna nyingine ya kukuita urudi, ameita kwa kitambaa.

Basi, suti yenyewe.

Katika Kutoka sura ya 17 Israeli wanapigana na Waamaleki, na Musa yuko juu ya kilima. Mikono yake ikiwa imeinuliwa watu wake wanashinda, ikishuka wanashindwa, na mikono ikawa mizito. Haruni na Huri hawakumwambia mzee apumzike ili wao wainue ya kwao. Walimletea jiwe akakalia, wakaitegemeza mikono yake, mmoja huku na mwingine huku, hata jua likachwa. Nimekuwa nikiifikiria habari hiyo tangu nisome barua yako, kwa sababu wewe na dada yako na msimamizi wako mmekuwa mkichagua kati ya kumwacha mzee na mikono yake mizito au kumwondoa kilimani. Hakuna aliyefikiria jiwe.

Jiwe ni yule kijana wa Ilala. Nenda kwake umweleze ukweli, umwombe fedha uliyokwisha kumlipa iwe ujira wa kazi ya namna nyingine: aje Buguruni siku tatu au nne, akae kwenye kibaraza cha mzee, na washone suti moja pamoja. Kama ameshakata kitambaa chake, mlipe kilichobaki, na suti hiyo itakufaa ofisini. Fundi kijana mwenye akili hatakataa nafasi ya kukaa na mtu aliyejifunza kukata koti kwa mafundi wa Kisutu wa zamani; ujuzi wa kuunda kifua cha koti na kulikalisha bega hauokotwi barabarani, na wanaoujua wanapungua. Kabla ya hapo, lakini, mwambie baba yako, na umwambie wewe mwenyewe, peke yenu. Usimtume dada, na usimtume mchumba, ambaye ningependa aingie nyumba hiyo asiwe mleta habari mbaya. Mwambie kwamba suruali iliniumiza, baba, nikakudanganya, nisamehe. Mwambie kwamba nililipa kwa fundi mwingine kwa sababu niliogopa. Kisha umwombe akubali msaidizi.

Ukimwomba, mkumbushe Bezaleli. Anaijua habari yake kuliko wewe na mimi, maana mtu aliyeshona vitambaa vya madhabahu miaka yote hiyo lazima ameisoma Kutoka sura ya 35, panapoelezwa kwamba Mungu alimjaza roho yake ili afanye kazi za ustadi kwa ajili ya hema takatifu, na palepale inaongezwa kwamba alimtia moyoni uwezo wa kufundisha wengine. Karama ya pili haikuja baadaye kama kifuta jasho cha ya kwanza. Zilitolewa pamoja.

Kazi yenyewe mnaweza kuigawa hivi, na mzee atairekebisha apendavyo. Vipimo achukue yeye, kwa kuwa mwili wako anaujua tangu ukiwa na urefu wa meza. Kwanza wakate na kushikiza koti zima kwa marekani, ile pamba nzito ya bei nafuu, ulijaribu, wasahihishe humo humo, ili sufu isiguswe na mkasi mpaka kila mstari umethibitika. Siku ya kukata sufu iwe asubuhi, uani, kwenye mwanga wa jua usio mkali, na chaki iwe nyeupe, ambayo juu ya kitambaa cheusi hata jicho lenye ukungu huiona. Mzee achore, kijana akate. Mashine aikanyage kijana. Bitana mchague ya rangi nyepesi, na hili nalisisitiza, kwa sababu kuna mishono minne ya uzi mwekundu ambayo hakuna msaidizi wa kumfanyia, na juu ya bitana nyeusi hataiona.

Huenda akakataa. Wazee wengine hukataa, na heshima ya fundi ni kitu kigumu. Ikiwa umemwambia ukweli wote, umemwomba kwa unyenyekevu, na bado akasema atakishona peke yake au asikishone kabisa, jibu langu ni moja: mwache ashone, na ulivae. Kitambaa ni chake. Amekilinda kwa mwarobaini tangu ulipokuwa kijana wa kipaimara. Koti lenye bega lililoanguka kidogo halibatilishi ndoa, na mchumba wako, ambaye tangu mwanzo alikuambia useme ukweli, nadhani atalielewa hilo kabla yako. Picha zitapigwa na bega litaonekana. Miaka 20 ijayo mtoto wako atauliza kwa nini, na utakuwa na la kumweleza. Koti la Ilala, kama lipo, livae jioni ukumbini baada ya mzee kushiba na kupumzika, kwa idhini yake.

Anza Jumamosi hii. Toka kazini, usipitie Kimara, nenda Buguruni na viatu vyako vya Jumapili na ile suruali ya Krismasi. Mpe suruali, umwombe mlifumue pamoja lile pindo la mashine, wewe ukiwa jicho na yeye akikuelekeza, kisha umtungie uzi alipige kwa mkono kama desturi yake. Piga viatu kiwi, jozi zote mbili. Safari hii wewe ndiye usome somo, kwa sababu herufi za Biblia yake nadhani zimemsumbua muda mrefu naye hakusema. Habari ya suti ya Ilala mwambie usiku huohuo, baada ya sala, kabla ya kulala. Asubuhi yake mtakapotoka kanisani, mwombe akitoe tena kile kitambaa sandukuni, akutandikie uani penye jua, na umuulize anaona rangi gani.